Kukausha kitunguu saumu bila kuua dawa yake

Punje nzima ya kitunguu saumu hainuki sana. Ikate, na papo hapo harufu inajaa chumbani. Ndani yake mna aliini, kemikali yenye salfa isiyonuka, na kimeng'enya (kichocheo cha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho aliinesi, kila kimoja mahali pake. Kisu kinapopasua seli, vinakutana, na aliinesi inaigeuza aliini kuwa alisini, ambayo ndiyo hupambana na bakteria na kuvu. Alisini haidumu. Kwa hiyo unga mzuri wa kitunguu saumu kilichokaushwa ni ule uliobaki na aliini pamoja na kimeng'enya kisichoharibika, vikisubiri maji.

Kazi huanzia shambani, kwani mmea hutengeneza aliini kwa salfa. Kilo 125 za mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwa hekta hutoa kilo 30 za salfa. Hutoa pia kilo 26 hivi za naitrojeni, basi zipunguze kwenye mbolea ya urea unayoweka. Weka kabla vichwa havijaanza kujaa.

Wakati wa kuvuna, chimbua kwa uma na usirushe vichwa. Kila mchubuko ni seli zilizopasuka: alisini inatengenezwa bure na kupotea, na ukungu unapata pa kuingilia. Vianike kivulini penye hewa wiki 2 hadi 3.

Kata vipande vya milimita 3 kwa kisu kikali. Kisu butu huponda. Usivichovye kwenye maji moto kwa kutaka vibaki vyeupe. Vitapendeza macho, lakini kimeng'enya kitakuwa kimekwisha. Viingize kikaushioni mara moja, kwa nyuzi joto 50 za Selsiasi. Kuanzia 60 kimeng'enya huanza kuharibika, na hakirudi tena. Wengi hukosea hapa: kipimajoto kiko juu, huku trei ya chini, iliyo karibu na moto, inaungua. Pima trei ya chini, na uzibadilishe nafasi kila saa. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio, kikipinda, bado.

Saga kidogo kidogo, mashine isipate moto, kisha funga unga mahali pasipopenya unyevu.

Jaribu kila mzigo. Tia kijiko kimoja cha unga kwenye vijiko viwili vya maji baridi, koroga, subiri dakika moja, unuse. Harufu isipopanda kwa ukali, kimeng'enya kimekufa au aliini imekwisha. Usitumie maji moto kwa jaribio hili, kwani yataua hata kimeng'enya kizima.