Jinsi ya kuchora ngoma ya tarpa kwa mtindo wa Wawarli

Wawarli ni kabila linaloishi kaskazini mwa jimbo la Maharashtra, India, sehemu za Dahanu, Talasari na Jawhar, na tarpa ni zumari wanayoichezea. Michoro yao ina rangi moja tu, nyeupe, juu ya ukuta wa udongo. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye umbo.

1. Ukuta. Kandika kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Ukikauka, paka maji mazito ya udongo mwekundu. Huna ukuta wa udongo? Kitambaa cha pamba kisichong'aa kinatosha.

2. Rangi. Loweka mchele usiku kucha, usage mpaka ulainike kabisa, kisha tia maji na gundi ya mti kidogo. Uwe mzito kama tui la kwanza. Ukiwa mbichi hauonekani sana, weupe wake hutoka ukikauka; usikimbilie kurudia mstari.

3. Brashi. Kijiti cha mwanzi. Tafuna ncha mpaka nyuzi zilegee.

4. Mtu. Hapa usiwe na haraka. Chora pembetatu mbili zinazogusana kwa ncha: ya juu ni kifua, ya chini ni nyonga. Kichwa ni duara, miguu na mikono ni mistari. Mwanamke muongezee kifundo cha nywele kisogoni. Sasa inamisha pembetatu ya juu kidogo, uone mtu anavyoanza kucheza. Ukiziweka wima zote mbili, unapata askari wa gwaride. Macho na midomo achana navyo.

5. Ngoma. Anza na mpiga tarpa, ile zumari ndefu yenye kibuyu, umweke katikati. Wachezaji wameshikana, wanamzunguka kwa mstari unaojiviringa kama konokono, na hawampi mgongo. Wachore kuanzia ndani kwenda nje, wa nje wakiwa wengi zaidi.

6. Kujaza. Miti, kuku, watu wanaotwanga mpunga. Jivya Soma Mashe, mchoraji wa Kiwarli aliyeanza miaka ya 1970 kuchora kila siku bila kungoja sherehe, alijaza karatasi zake kwa maisha ya namna hii, na mwaka 2011 serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Shri.

Ila mraba wa chauk, wenye mungu wa kike Palaghata ndani yake, mimi siuweki kama pambo. Huo ni wa harusi, na kwa desturi huchorwa na wanawake walioolewa ambao waume zao wako hai.

7. Kukausha. Kivulini, usiguse mpaka kesho yake. Ukuta wa nje usio na paa mvua itaufuta, basi chora chini ya baraza.