Kitufe cha Tkinter: kukipa kazi kikibonyezwa

Dirisha la Tkinter, maktaba ya kuunda madirisha na vitufe inayokuja na Python, linaishi ndani ya `mainloop()`, inayozunguka ikisubiri matukio. Wewe unakiachia kitufe jina la fanksheni tu. Kuiita si kazi yako.

```python
import tkinter as tk

def hifadhi():
    lebo.config(text="Imehifadhiwa")

dirisha = tk.Tk()
lebo = tk.Label(dirisha, text="Bado")
lebo.pack()
kitufe = tk.Button(dirisha, text="Hifadhi", command=hifadhi)
kitufe.pack()
dirisha.mainloop()
```

Tazama `command=hifadhi`: haina mabano. Ukiandika `hifadhi()`, Python inaiita papo hapo, kabla kitufe hakijaundwa, na `command` inaambulia `None`. Dalili yake: dirisha linafunguka likiwa tayari limeandika "Imehifadhiwa", kisha bonyeza utakavyo, kimya. Na `pack()` ikae mstari wake. Nayo hurudisha `None`, kwa hiyo ukiiunganisha na `tk.Button(...)`, siku utakapoita `kitufe.config` utapata `AttributeError`.

Mtego unaosumbua zaidi ni wa vitufe vingi, mfano tarakimu za kikokotoo:

```python
for n in range(10):
    tk.Button(dirisha, text=n, command=lambda: andika(n)).pack()
```

Vyote kumi vitaandika 9. `lambda`, yaani fanksheni fupi isiyo na jina, haikuhifadhi thamani ya `n`; inaitafuta wakati wa kubonyezwa, na wakati huo `for` imeshaishia 9. Andika `lambda n=n: andika(n)`, ili thamani ishikwe papo hapo kila kitufe kinapoundwa.

Wapo wanaotumia `kitufe.bind("<Button-1>", ...)` badala ya `command`. Usiwaige. Hiyo hufyatuka mara tu panya ikibonyezwa, hata kitufe kikiwa kimezimwa, wakati `command` husubiri kidole kiachie, hivyo aliyeghairi anaweza kuutelezesha mshale nje. `bind` ifae kwa Enter: `dirisha.bind("<Return>", lambda e: kitufe.invoke())`. Hiyo `e` ni lazima, kwani `bind` hupitisha tukio na `command` haipitishi kitu.

Fanksheni yako ikichelewa, dirisha zima linaganda, maana `mainloop()` inaisubiri. Usiweke `time.sleep(5)`, tumia `dirisha.after(5000, maliza)`, `maliza` ikiwa fanksheni yako ya kumalizia kazi. Kazi nzito, kama kupakua faili, ipeleke kwenye thredi (njia ya pili ya utekelezaji, inayokwenda sambamba na `mainloop()`), matokeo yaingie foleni ya `queue.Queue`, nawe uichungulie kwa `after` kila milisekunde 100. Thredi isiguse lebo wala kitufe.

Kukizima kitufe kwa `state="disabled"` mwanzoni mwa fanksheni na kukiwasha mwishoni hakusaidii kama fanksheni yenyewe ndiyo inayogandisha dirisha: mibonyezo ya asiye na subira inapanga foleni, na inatekelezwa kitufe kikishawashwa. Kiwashe ndani ya `maliza`.

Hitilafu ndani ya fanksheni haiui programu. Huchapishwa kwenye terminali. Kwenye Windows, faili ikiwa `.pyw`, terminali haipo, na kitufe kitaonekana kibovu bila sababu. Jaribu kwanza ikiwa `.py`.