Kupamba chumba cha kukodisha wageni Mji Mkongwe kwa pesa kidogo

Kama unataka kukodisha chumba kwa wageni wa siku mbili tatu na bajeti ndogo, anza na ukuta, mapambo baadae. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unavuta maji na lazma upumue, kwaiyo usipake rangi ya mafuta hata fundi akikwambia inang'aa, unyevu utakwama ndani, masika yakija rangi inavimba inabanduka na pesa ishapotea. Paka chokaa tu, rahisi na chumba kinakuwa cheupe kinapendeza sana. Misumari usipige ovyo, plasta ile inamomonyoka. Vile vidaka, vishubaka vya ukutani, walivotuachia wazee ni pambo tosha jamani, weka chetezo na asumini kwenye kisahani basi.

Halafu nenda sokoni Darajani. Doti moja ya khanga ni vipande viwili, kimoja tandika miguuni kwa kitanda, chengine funga dirishani. Chini weka mkeka wa ukindu, zulia linashika ukungu. Kikapu cha ukili ukikipindua ni kivuli cha taa kizuri mno, ila balbu iwe ya LED, zile za zamani zinapata moto sana utaunguza nyumba.

Pesa ikibaki nunua neti isiyo na tundu na mashuka meupe.

Na nyumba kama si yako muulize mwenyewe kwanza. Mlango wa nje na baraza usiguse bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.