Bustani ya kumbukumbu yenye majani ya saruji: jinsi ya kuijenga

Sanamu ya mtu iachie mchongaji. Zile za watumwa waliofungwa minyororo pale Mkunazini, Zanzibar, alizotengeneza Clara Sörnäs mwaka 1998, zinamgusa mtazamaji kwa sababu mwenyewe aliijua kazi. Fundi wa kawaida akijaribu sura ya marehemu na kukosea pua tu, wafiwa hawatataka kuiona tena. Isitoshe, kwa Waislamu wengi sanamu ya kiumbe chenye roho haikubaliki. Jani halina matatizo hayo, na fundi yeyote anayejua kupiga lipu anaweza kulitengeneza vizuri. Hapa tunaeleza bustani ya mita 10 kwa 10 ambamo kila anayekumbukwa ana jani lake, limesimama juu ya bomba kama mita moja kutoka ardhini.

Anza na jani halisi la mmea, ambalo saruji itachukua umbo lake. Unalitaka gumu, lenye mishipa iliyotokeza upande wa nyuma: mtiki, mkungu, boga au jimbi. La mgomba linavutia macho lakini huchanika, na mishipa yake ni myembamba mno. Likate asubuhi ulitumie siku hiyohiyo, maana likinyauka hujikunja. Utomvu wa majimbi huwasha na saruji huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu.

Mwaga mchanga chini ya kivuli, ufanye kichuguu cha urefu wa sentimita 10 hivi, ukikandamize na kukifunika kwa nailoni. Laza jani juu yake, mgongo ukitazama juu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanalaza upande unaong'aa juu, kisha wanashangaa saruji imetoka laini bila mshipa hata mmoja.

Chekecha mchanga wa mtoni kwa chekeche laini. Mchanga wa pwani usiutumie, hata ukiambiwa umenyeshewa na mvua mwaka mzima. Chumvi yake hushambulia chuma, na kutu huvimba hadi ikapasua saruji kutoka ndani. Kwa jani la sentimita 45 kwa 35 changanya lita 1 ya saruji na lita 2 za mchanga. Mfuko wa kilo 50 hutoa majani kama 30 ya ukubwa huo. Tia nusu lita ya maji kwanza, halafu ongeza kidogo kidogo. Finyanga donge mkononi: likikaa bila kuchuruzika, inatosha. Maji mengi hurahisisha kazi ya leo, lakini jani huja kutoka na vitundu na nyufa za unywele.

Anza kupaka katikati kuelekea ukingoni, ukikandamiza kwa vidole ili saruji iingie kati ya mishipa. Ikifika unene wa sentimita 1, laza kipande cha wavu wa kuku ambacho kingo zake ziko sentimita 2 ndani ya kingo za jani, kisha funika kwa sentimita 1 nyingine. Karibu na bahari acha wavu wa chuma, tumia wa plastiki. Ukingo usiwe chini ya sentimita 1. Ukingo mwembamba kama karatasi unapendeza wiki moja, halafu unamegeka.

Kabla haijakauka, weka katikati ya mgongo bonge la saruji lenye upana wa sentimita 10 na kimo cha 8, udidimize ndani yake kipande cha bomba la plastiki lenye tundu pana kidogo kuliko bomba la chuma utakalosimamishia. Kiinamishe kidogo, ili jani likisimama lielekee upande mmoja na maji ya mvua yateremke. Jani linalotuama maji ni kiwanda cha mbu.

Funika kwa nailoni, uache siku mbili. Ligeuze kwa mikono miwili, bandua jani la kijani, na mabaki yaliyonasa yasugue kwa brashi ya mswaki. Kisha lizike katika magunia mabichi kwa siku 7 hadi 14, ukimwagilia asubuhi na jioni. Likikaushwa juani litabaki dhaifu.

Mashimo ya msingi yawe sentimita 40 kila upande na kina cha 50. Tandika kokoto sentimita 10 chini, simamisha bomba la inchi moja na nusu lililopakwa zinki, kagua kwa pima maji pande mbili, kisha jaza zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Uso wa zege uteremke kutoka kwenye bomba, la sivyo maji yatasimama palepale na bomba litaliwa na kutu usawa wa ardhi. Jani lina kilo 5 hadi 6. Lichomeke baada ya wiki, ukijaza nafasi iliyobaki kwa saruji.

Majina yaandikwe kwenye kibao cha jiwe chini ya jani, kimelazwa kwa mshazari, kwa herufi zilizochongwa zenye kimo cha sentimita 2 au zaidi. Rangi peke yake hupauka. Tahajia ichukue kwa maandishi kutoka kwa familia, nao watie saini. Mohamed na Mohammed si jambo la kubishania baada ya jiwe kuchongwa.

Njia iwe na upana wa sentimita 120, ili kiti cha magurudumu kipite na mtu ubavuni. Kuhusu mimea, fuata desturi ya mahali: masale kwa Wachaga, mrehani na asumini pwani. Mkuyu na jamii yake upande mita 8 au zaidi kutoka kwenye misingi, maana mizizi yake huinua zege.

Kuvu na kinyesi cha ndege vioshwe kwa maji na brashi. Asidi ya kusafishia vigae hula saruji na kufuta mishipa. Tengeneza majani matano ya akiba kutoka mifuko ileile ya saruji, kwa sababu ukinunua mingine mwaka ujao rangi haitalingana.