Kwenda Lushoto, mji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, peke yako, fanya hivi

Ukitoka Dar panda basi la kwenda Arusha au Moshi, shuka Mombo, hapo kuna daladala za kupanda mlima kupitia Soni, kama kilomita 33 hivi, kaa dirishani maana zile kona ni balaa, na kama tumbo lako jepesi usile sana. Beba sweta, Juni na Julai baridi ni kali kweli. Mjini utaona majengo ya Wajerumani, enzi zao pakiitwa Wilhelmstal, ila usiishie hapo, chukua mwongoza watalii mwenyeji, akupitishe kwa Wasambaa na Wambugu, muombe mzee ruhusa kabla ya picha. Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, nenda asubuhi, ukungu ukiondoka unaona nyika yote chini. Keshi itoe benki mapema.