Namna ya Kupika Pilipili Hoho za Kujaza Zenye Ladha Nzuri na Kalori Chache

Pilipili hoho yenyewe ni nyepesi mno: gramu 100 za hoho mbichi zina kalori kati ya 20 na 30 hivi, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kinachokifanya chakula hiki kuwa kizito ni vitu vinavyoingizwa ndani yake na kumwagwa juu yake, yaani nyama ya kusaga yenye mafuta, wali mwingi, mafuta ya kukaangia yasiyopimwa na jibini lililorundikwa. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe ya kusaga yenye asilimia 20 ya mafuta hubeba kalori 250 hivi, kiasi hichohicho cha jibini gumu hukaribia 400, na kila kijiko kikubwa cha mafuta huongeza takriban 120. Hoho moja iliyojazwa kwa mtindo huo hufikia kalori 600 kwa urahisi.

Mpishi anayetaka kupunguza kiasi hicho mara nyingi huviondoa vyote kwa mkupuo, akabaki na hoho iliyojaa mboga za kuchemka, kisha akaamini kwamba chakula chepesi hakiwezi kuwa kitamu. Mimi sikubaliani kabisa na imani hiyo. Kijiko kidogo cha mafuta hubeba harufu ya viungo karibu sawasawa na vijiko vitatu vikubwa, na gramu 10 za jibini lenye ladha kali zilizokunwa laini na kutandazwa juu hutoa ladha zaidi kuliko gramu 40 za jibini hafifu lililozama ndani. Ladha hujengwa jikoni kwa moto, kwa subira ya kukausha maji, na kwa uchachu unaoongezwa kwa wakati wake. Adui mkubwa wa hoho nyepesi ni maji, kwa sababu mboga zinazochukua nafasi ya mafuta na wali huja na maji mengi, na maji hayo yasipoondolewa mapema huosha kila kiungo ulichotia.

Kuchagua na kuandaa hoho

Hoho ya kijani ni tunda lililochumwa kabla ya kuiva, ndiyo maana ina uchungu kidogo na harufu ya majani. Ikiachwa shambani huwa nyekundu, ya njano au ya rangi ya chungwa kulingana na aina yake, na sukari yake huongezeka. Hoho nyekundu pia huwa na vitamini C nyingi kuliko ya kijani. Kwa kuwa ujazo wetu hauna mafuta mengi ya kulainisha uchungu, napendekeza nyekundu au ya njano kwa anayepika kwa mara ya kwanza, na ya kijani ibaki kwa ujazo wa adesi wenye viungo vikali. Chagua zilizo nzito mkononi, zenye ngozi iliyokaza na kikonyo kibichi. Yale maelezo yanayosambaa kwamba hoho yenye vichwa vinne (vile vinundu vya chini yake) ni ya kike na yenye vitatu ni ya kiume hayana msingi wowote, kwa sababu tunda la hoho halina jinsia. Vichwa vinne vina faida moja tu, nayo ni kwamba hoho husimama vizuri.

Hata hivyo, mwongozo huu hauhitaji hoho isimame. Ipasue kwa urefu, kuanzia kwenye kikonyo hadi chini, uache kikonyo kikiwa kimegawanyika ili kizuie ujazo usimwagike, kisha utoe mbegu na zile nyuzi nyeupe za ndani. Nusu iliyolala ina uso mpana unaopata moto wa juu, hutoa mvuke wake kwa urahisi, na hufanya kila tonge liwe na hoho na ujazo kwa uwiano mzuri, ilhali hoho nzima iliyosimamishwa hujichemsha kwa mvuke wake yenyewe na kumeza ujazo mwingi kuliko unavyodhani.

Washa oveni ifike nyuzi 200 za Selsiasi. Pakaza nusu nane za hoho nne kubwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya zeituni kwa brashi au kwa vidole, nyunyiza chumvi kidogo na pilipili manga ndani yake, kisha uzilaze kwenye trei upande wa wazi ukielekea chini. Zioke kwa dakika 12 hadi 15, mpaka ngozi ianze kujikunja na kupata madoadoa ya kahawia. Ukizigeuza utakuta maji yamekusanyika chini, yamwage yote. Hatua hii wengi huiruka ili kuokoa muda, nami ninaisisitiza kuliko nyingine, kwa kuwa hoho isiyotiwa chumvi na isiyookwa peke yake hubaki kuwa bakuli la kubebea ujazo tu.

Kujenga ladha ya ujazo

Kwa watu wanne utahitaji gramu 300 za kidari cha kuku kisicho na ngozi, gramu 250 za uyoga, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya mbili za wastani, vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo iliyo nzito, gramu 120 za wali uliokwisha kupikwa, kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa, kijiko cha chai cha paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), limau moja, fungu dogo la majani ya giligilani na gramu 40 za jibini gumu lililokomaa. Kidari ni vyema ukisage au ukikatekate mwenyewe, kwa sababu nyama ya kuku inayouzwa ikiwa imesagwa mara nyingi huchanganywa na ngozi. Ukikiweka kwenye friza kwa nusu saa kitakuwa kigumu kiasi cha kukatika vipande vidogo kwa kisu bila kuteleza.

Anza na uyoga, kwa maana ndio unaoleta ladha nzito ya nyama pasipo kalori: gramu 100 zake zina kalori 22 tu. Ukate vipande vidogo kama punje za mahindi, uutie kwenye kikaango kipana kilichopata moto, bila mafuta na bila chumvi. Utatoa maji mengi. Uache yakauke yote huku ukigeuza mara mojamoja, mpaka sauti ya kuchemka ibadilike iwe ya kukaanga na uyoga upate rangi ya kahawia. Uyoga na nyanya vina glutamati kwa asili, kemikali inayoupa ulimi hisia ya utamu wa mchuzi wa nyama, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo hisia hiyo inavyokolea. Utoe, uuweke kando.

Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye kikaango hichohicho, tandaza kuku kwa tabaka moja, kisha usimguse kwa dakika mbili au tatu. Rangi ya kahawia inayotokea chini ndiyo chanzo cha ladha, nayo hutokea pale tu uso wa nyama unapokuwa mkavu na joto lake likapita nyuzi 140 hivi. Ukikoroga mfululizo au ukijaza kikaango kupita kiasi, nyama hutoa maji ikachemka na kuwa nyeupe na ngumu. Kikaango kikiwa kidogo, mkaange kwa awamu mbili. Mgeuze, umalize upande wa pili, umweke pamoja na uyoga.

Kitunguu hufuata, pamoja na chumvi kidogo. Kwa kuwa mafuta yaliyobaki ni machache, kitaanza kushika chini. Ongeza kijiko kikubwa cha maji, kwangua yale mabaki ya kahawia kwa mwiko, na urudie kila kinapokauka hadi kilainike na kupata rangi ya dhahabu. Kisha sogeza kitunguu pembeni, tia kitunguu saumu, binzari na paprika mahali penye mafuta, uzigeuze kwa nusu dakika tu, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na viungo vilivyotiwa moja kwa moja kwenye mchuzi wa nyanya havitoi uwezo wake wote. Ongeza nyanya ya kopo, uikaange mpaka wekundu wake uwe wa kiza na harufu ya ubichi iishe, ndipo utie nyanya zilizokatwa. Acha mchanganyiko uchemke bila kufunikwa hadi ukipitisha mwiko chini ya kikaango uache njia isiyofunikwa mara moja na majimaji. Ukiona majimaji yanarudi haraka, subiri zaidi.

Rudisha kuku na uyoga, tia wali, uchanganye. Kuna wanaouondoa wali kabisa na kuweka koliflawa iliyokunwa, na hilo linawezekana kwa sharti kwamba koliflawa ikaushwe kwanza kwenye kikaango kikavu. Hata hivyo, gramu 30 za wali kwa mtu mmoja hazifiki kalori 40, nazo hunywa juisi ya nyanya na kuushikanisha ujazo. Binafsi ninauacha. Anayetaka kukoleza zaidi anaweza kutia kijiko cha chai cha sosi ya soya, lakini apunguze chumvi, maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kupunguza kalori kwa kuongeza chumvi si nafuu ya kweli.

Zima moto, kisha ndipo ukamulie nusu ya limau na uchanganye sehemu kubwa ya giligilani. Uchachu unaotiwa mapema hupoteza uchangamfu wake, na majani mabichi yakipikwa hunyauka na harufu yake hupotea. Onja baada ya kuhakikisha kwamba kuku ameiva kabisa. Ladha inapaswa kuwa kali kidogo kuliko unavyoitaka mezani, kwa sababu hoho itaizimua.

Kuoka

Jaza nusu za hoho bila kuushindilia ujazo, uzirudishe kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 10, kisha utawanye juu jibini lililokunwa kwa upande wa matundu madogo kabisa ya kikunio na uoke kwa dakika nyingine 8. Usifunike kwa foili, kwani itarudisha mvuke ule tuliohangaika kuutoa. Kama una kipimajoto cha chakula, katikati ya ujazo wa kuku pafike nyuzi 74. Asiye na oveni anaweza kuzigeuza hoho kwenye kikaango kikavu hadi zipate madoadoa, azijaze, azipange kwenye sufuria pana yenye vijiko vichache vya maji ya nyanya, afunike kwa moto mdogo kwa dakika 15, kisha afunue na kuacha maji yakauke kabla ya kunyunyiza jibini. Jibini halitapata rangi, ila litayeyuka vizuri.

Hesabu ya kalori ni hii: hoho zote huleta takriban 160, kuku 345, wali 155, jibini 160, mafuta ya vijiko viwili vya chai 80, na uyoga, kitunguu na nyanya kwa pamoja karibu 160. Jumla inakaribia 1,060, kwa hiyo kila mtu anayekula nusu mbili anapata kalori 265 hivi. Hesabu hiyo husimama ikiwa mafuta yamepimwa kwa kijiko. Mafuta yanayomiminwa kutoka kwenye chupa kwa kukadiria huweza kuongeza kalori 200 bila mpishi kutambua, na ndiyo sehemu ya kwanza ya kuchunguza pale chakula kinachoitwa chepesi kinapokosa kuleta matokeo.

Kwa asiyekula nyama, gramu 350 za adesi zilizopikwa, ambazo wengine huziita kamande, hushika nafasi ya kuku kwa kalori zinazokaribiana naye na nyuzinyuzi nyingi zaidi. Zitolewe motoni zikiwa bado na umbo lake, zichujwe, na zikaushwe kwenye kikaango pamoja na uyoga, la sivyo zitageuka uji. Binzari iongezwe nusu kijiko, na limau litumike lote, kwa kuwa adesi hufifisha uchachu upesi.

Mezani, kijiko kikubwa au viwili vya mtindi usio na mafuta mengi, uliochanganywa na chumvi chache na kitunguu saumu kilichopondwa, huleta ule ulaini ambao watu huutafuta katika jibini, kwa kalori 20 hivi tu. Hoho zilizobaki ziingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu zitoke motoni, na ziliwe ndani ya siku tatu au nne. Zipashe moto kwenye oveni au kikaango kilichofunikwa nusu, mpaka katikati pawe moto kabisa, na umalizie kwa matone mapya ya limau pamoja na giligilani iliyobaki.