Kengele za bluu kwenye mawe ya lava

Parseli yetu hapa Goma ilifunikwa na lava ya Januari 2002. Mama alisema hapatoki hata majani ya mbuzi. Mimi nilipanda ua.

Campanula cochleariifolia ni ua dogo la milima ya Ulaya, ambako huota kwenye nyufa za miamba. Kwa kawaida halizidi sentimita 15, na maua yake ya umbo la kengele yanalingana na ukucha wa kidole gumba.

Ponda lava, changanya na mchanga na kiganja kimoja tu cha udongo. Samadi usitie. Mwaka wa kwanza nilitia. Mvua za Aprili zilipokuja, miche yote ikaoza shingoni.

Mbegu ni laini kama unga wa muhogo. Zichanganye na kijiko cha mchanga wenye unyevu, funga, weka kwenye frigo wiki 3 (umeme ukikubali). Kisha jaza mchanganyiko ule wa lava kwenye kopo lenye matundu chini, nyunyiza mbegu juu yake, usifukie: zinataka mwanga. Ukimwaga maji kutoka juu zitasombwa, kwa hiyo kalisha kopo ndani ya besheni mpaka udongo wa juu ubadilike rangi.

Miche ikipata nguvu, isukumie nyufani kwa kijiti. Mizizi itatambaa yenyewe chini ya mawe. Chagua upande wa mashariki. Jua la saa saba juu ya jiwe jeusi ni kikaango.

Mimi nimepamba ngazi za mlangoni. Maua yakinyauka, kata kwa mkasi. Konokono waokote usiku, kwa tochi.